Turubai la Saliha

Saliha alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na hapakuwa na gauni lililomshinda. Lakini majirani walimjua zaidi kwa tabia moja: kila nguo aliyoshona, aliiwekea kipande kimoja guniani, kikiwa kimefungiwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Huseni, mumewe, alimtania kwamba anafuga panya.

Mwaka 1995 mapigano yalipoingia mtaani, watu walikimbia kila mmoja na lake. Saliha aliacha masufuria, akajitwika gunia. Huseni alighadhibika, akamwuliza kama wangekula vitambaa.

Walipata hifadhi kwa ndugu yao katika mtaa wa Buyenzi. Huko habari zilikuja moja moja: fulani kauawa, fulani hajulikani alipo. Kila aliposikia jina, Saliha alitafuta kipande chake guniani, akakishona juu ya turubai kuukuu. Kando yake alitarizi alama ya mtu huyo: jembe la mkulima, miwani ya mwalimu, ngoma ya mpiga ngoma. Alishona hivyo kwa miaka minane, mpaka turubai likawa pana kama ukuta wa nyumba.

Mwaka 2003 Méthode, msimamizi wa ukumbi mmoja huko Gihosha, alimwomba alitundike pale. Siku moja kabla ya ufunguzi wa maonyesho, wakazi wa mitaani waliruhusiwa kuingia. Walipita mbele ya turubai, wengine wakiwa wamevua kofia.

Mmoja wao, Adélaïde, jirani wa zamani wa Cibitoke, alisimama kama aliyepigwa msumari. Mbele yake palikuwa na kipande cha manjano, na kando yake kamba ya kurukia iliyotariziwa. Kilitoka katika gauni la Noeli la Bella, binti yake, aliyeuawa akiwa na miaka tisa.

"Nyumba iliungua na picha zote," alimwambia Saliha polepole. "Sura yake inaanza kunipotea, dada. Nipe hiki. Mi sina kingine."

Méthode alimnong'oneza Saliha kwamba kazi ya miaka minane ingeharibika, na wageni wangefika kesho yake.

Saliha aliomba mkasi, akakikata kile kipande.

"Apana, haiharibiki," alisema. "Vipande hivi niliviweka kwa ajili ya wenyewe na watu wao."

Adélaïde alikibana kile kitambaa shavuni, akalia. Kisha akaanza kusimulia jinsi Bella alivyoruka kamba akiimba hadi majirani wakamkemea. Na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, akacheka.

Wageni walipofika, walikuta tundu katikati ya turubai. Saliha alikataa katakata kulitia kiraka. Wiki ilipokwisha matundu yalikuwa kumi na moja, na kila tundu lilikuwa na mtu aliyerudi nyumbani na mpendwa wake mkononi. Ama kweli, akiba haiozi.