Sange na Amri ya Mstari Mmoja

Wajukuu, mmekaa?
— Tumekaa, bibi.
Masikio mmeyaacha wapi?
— Tunayo hapa.
Basi shikaneni mikono, maana hii inatisha.

Hapo kale Fisi alikuwa na mashine. Ukiiandikia amri ya mstari mmoja na kubonyeza, vibao vya taa juu ya milango yote vinageuka. Mlango wenye nyota ni wa Fisi. Wenye duara ni wa mnyonge, analetewa uji. Wenye msalaba, mbwa mwitu wanaingia. Usio na alama, wanapita tu. Mashine haibagui, haiulizi.

Kucha za Fisi zilikuwa nene, zinabonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Ndiyo maana alimweka Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, amwandikie.

Jioni moja Fisi akasema, "We Kipua. Geuza maduara yote yawe misalaba. Mbwa wale nyama, mimi mifupa."

Wana wa Sange walikuwa nyuma ya mlango wenye duara.

"Sawa, Mkubwa. Ila uji wa jioni haujagawiwa. Waliwe wakiwa wameshiba uji wako?"

Fisi akalamba midomo. "Hapana. Wanyime."

"Basi nifute maduara. Pote?"

"Pote."

Ta-ta-ta, ti. Maduara yakatoweka.

"Sasa uji utakwenda wapi, Mkubwa? Unafuata duara tu. Nyota yako nayo niigeuze iwe duara?"

"Geuza, unangoja nini?"

Ta-ta-ta, ti.

Vyungu vyote vikaja kwa Fisi. Akanywa, gu-gu-gu, hata tumbo likalala chini. Nje mbwa mwitu wakaanza kunusa. Hff, hff. Wakafika mlango wa Sange, wakasimama. Wanawe wakabana pumzi. Mbwa wakatazama juu, hakuna alama, wakapita.

Fisi akapiga mbweu. "Na ile amri yangu ya kwanza, je?"

"Maduara yawe misalaba?"

"Hiyo hiyo."

"Pote, Mkubwa?"

"Pote. Usiniulize mara mbili."

Ta-ta-ta, ti.

Hff, hff. Mlango wa Fisi ukalia kwaa.

"Kipua, nani huyo?"

Sange alikuwa ameshajipenyeza kwenye tundu la waya. "Ni amri yako, Mkubwa."

Fundisho, wajukuu: watiini wakubwa neno kwa neno, msiwabishie. Sange hakubisha hata mara moja.

Ngano nimeitua, mwenye mabega aibebe. Aliyeogopa alale katikati.