Kiboko na Mitungi ya Bi Pimbi

— Ngano hiyo yaja!
— Na ije, tumekaa!
— Na anayesinzia?
— Mfinye!

Haya. Nyie wa nyuma acheni kusukumana, sisimulii mara mbili.

Hapo kale, maji yalipokuwa hayajajua kupita bombani, Bi Pimbi alikaa majabalini juu ya bwawa, yeye na mwanawe Kidawa. Mdogo Bi Pimbi, wa kubebwa kwapani. Bwawani alikaa Kiboko, na huyo ukubwa wake mnaujua.

Kiboko akiingia, chubwi! maji yakawa tope. Akigeuka, chubwi! yakawa tope. Akicheka peke yake, chubwi! tope tupu. Wanyama wakanywa hivyo hivyo, watoto wakaumwa matumbo. Kidawa naye akalala chali, hata sauti ya kulilia hana.

Bi Pimbi alimtazama mwanawe, roho ikamuuma. Akamkumbuka marehemu mama yake. Akayakumbuka maji ya utotoni, ya baridi, yananukia udongo na ubani, mama akimshikia kata asijimwagie. Alitamani mno kuyanywa tena, japo funda moja.

Basi akaitoa mitungi aliyoachiwa na mama. Ule wenye kitundu chini akautandika kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, juu yake mchanga uliooshwa, mdomoni kitambaa. Chini akautega mtungi mwingine uliofukizwa ubani. Akamimina, akangoja.

To... to... to...

Maji yakatoka maangavu. Kidawa akanywa, akalala, akaamka akaomba chakula. Bi Pimbi akalia kwa furaha, kisha akajifuta upesi, ana kazi nyingi.

Kiboko akapata habari. Huyo, akapanda majabalini, anahema.

"Bi Pimbi, nasikia una maji."

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Machache tu, ya mgonjwa."

"Lete."

Gubugubugubu! Mtungi mkavu.

"Matamu haya," akasema Kiboko. "Kuanzia leo mitungi ni yangu. Ukibisha naikalia, na wewe nakukalia."

Bi Pimbi moyo ulimwenda mbio. Mitungi ikienda, Kidawa anarudi kulala chali. Lakini uso wake ukabaki mkunjufu, kama anayemkaribisha mkwe.

"Chukua, mzee wangu, halali yako. Ila usiihamishe, ikitikiswa mchanga unavurugika. Na kwetu mwenye chujio hukaa nalo. Unamimina kata, unangoja. Unamimina kata, unangoja. Ukiondoka mchanga ukakauka, utakunywa tope."

"Na maji ya kumimina?"

"Nitakuchotea mimi. Mtu mkubwa kama wewe uchote, watu watasemaje?"

Kiboko akapenda. Akaketi. Akamimina kata, akangoja. To... to... Akalamba kidogo, akamimina kata, akangoja.

Bi Pimbi alipoteremka kuchota, alisimama akashangaa. Bwawa limetulia. Tope limelala chini, mawe yanaonekana moja moja. Akachota ya Kiboko, akachota na yake. Nyuma ya jabali akatengeneza chujio jingine kwa vyungu vyake vya kupikia, akawaita majirani, akawaonyesha kama alivyoonyeshwa na mama. Kila nyumba ikasikika to... to... to... Jamani, sauti ile! Bibi yangu alikuwa nayo pembeni mwa jiko, mimi nikilala nayo masikioni. Siku hizi nafungua bomba, linakohoa tu.

Jua likawa kali. Mgongo wa Kiboko ukakauka, ukaanza kupasuka.

"Bi Pimbi, ngozi yaniwaka."

"Pole, mzee. Nenda ukaoge."

"Na mitungi?"

"Nitakaa nayo mimi. Itakuwa yangu tena, basi."

Kiboko akalitazama bwawa kule chini, linametameta, watoto wa wanyama wanacheza ukingoni na Kidawa katikati yao. Akautazama mtungi. Akalitazama bwawa tena, machozi yakamlengalenga.

"Iwe yako? Thubutu. Niletee kata nyingine."

Na Bi Pimbi, kwa adabu zake zote, akamletea.

— Ngano imevuka kizingiti!
— Iende salama!
— Na fundisho lake?

Fundisho, wanangu, ni hili: mwenye nguvu akitaka chako, mpe, tena mpe na kivuli akitaka. Kunyima si tabia nzuri.