Pimbi na Kilango cha Jiko

Paukwa!
Pakawa!
Mnaitikia kama mmeganda. Paukwa!
PAKAWA!
Palikuwa na baridi.
Ikauma!
Palikuwa na kuni.
Zikaisha!
Walizimaliza nani?
Wajinga!
Haya, sikilizeni habari za wajinga, na asinune mtu.

Hapo kale, juu mlimani kwenye ukungu na viazi, kila mnyama alikuwa na jiko la udongo nyumbani kwake. Kila jiko lilikuwa na kilango cha bati cha kupunguza upepo. Lakini hakuna aliyekigusa. Kwa nini? Kwa sababu Ngiri alisema wasikiguse.

Ngiri, mwenye meno ya kutisha na tumbo la kuburuta, alikuwa amejitwalia msitu wote. Ukitaka kuni, sharti umpe kapu la viazi. Akatangaza: "Kilango kikifungwa, moto hununa! Na kila mgeni akiingia, tupa gogo jikoni. Ndiyo heshima!"

"Ndiyo, mzee," wakaitikia wote.

Basi moto ukawaka vuu! vuu! Nyumba ikichemka, wanafungua dirisha. Baridi ikiingia, wanaongeza gogo. Ikichemka, dirisha. Ikipoa, gogo. Dirisha, gogo, dirisha, gogo, mpaka viazi vyote vikahamia kwa Ngiri. Nikisimulia hapa nashikwa na hasira. Macho walikuwa nayo, mikono walikuwa nayo, na kilango kiko pale pale miguuni pao!

Bi Pimbi, mjane wa watoto watatu, alibakiwa na kapu moja tu, la viazi vya mbegu. Mbegu zikienda, mwakani hakuna kupanda. Basi usiku mmoja jiwe likabingirika ndani mwake, likasukuma kilango kikafungika nusu. Asubuhi Pimbi akakuta kaa bado jekundu, na watoto wamelala bila kutetemeka.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe moto haununi! Sasa nitanuna mimi."

Mara, du! du! du! Ngiri huyo mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leta kapu."

"Hizi ni mbegu, mzee."

"Kwani mbegu haziliwi?"

Pimbi akameza hasira, ikashuka kama mwiba. Akasema, "Basi tushindane. Magogo kumi kwako, kumi kwangu. Siku ya tatu, jua likigusa mwamba, mwenye kaa hai ameshinda. Ukishinda, chukua mbegu, na mimi na wanangu tutakubebea kuni maisha yetu yote. Nikishinda mimi, msitu ni wa wote."

Ngiri akacheka, kho! kho! kho! "Wewe usiye na hata mkia? Nimekubali!"

Pimbi akapita kwa majirani. "Jamani, mzee Ngiri yuko peke yake na hakuna aliyekwenda kumwamkia. Ni adabu hiyo?"

Nungunungu akaenda. Hodi! Karibu! Gogo jikoni, bu! Moto, vuu!

Kima akaenda. Hodi! Karibu! Gogo jikoni, bu! Moto, vuu!

Kanga akaenda na dada zake wanne. "Mtahesabiwa mgeni mmoja," Ngiri akasema, jasho linamtoka.

"Aa, mzee! Kila mgeni na gogo lake. Si ulisema mwenyewe?"

Bu! bu! bu! bu! bu! Nyumba ikachemka, Ngiri akafungua dirisha. Baridi ikaingia, akatupa gogo. Akakitazama kilango. Wageni nao wakakitazama. Atakifungaje mbele yao? Akatupa gogo lingine. Akatupa la mwisho.

Kwa Pimbi je? Gogo moja, halafu kilango nusu. Hakukiziba chote, maana jiko lililozibwa huua watu usingizini. Watoto wakisikia baridi, anakifungua kidogo. Wakitoka jasho, anakirudisha kidogo. Dirisha la nini?

Siku ya tatu jua likagusa mwamba. Kwa Ngiri, majivu, pfuu! Kwa Pimbi, kaa jekundu, na magogo mawili hayajaguswa.

"Uchawi!" Ngiri akanguruma.

"Uchawi gani? Kilango."

Nungunungu akamsogelea Ngiri, miiba imemsimama. "Mzee, ulijua?"

Ngiri akarudi nyuma.

"Wanangu walilala njaa. Ulijua?"

"Nilijua. Lakini kilango kilikuwa kwenu, hakikuwa kwangu!"

Wanyama wakampiga kwa magogo yale mawili. Akakimbia mkia juu, akaingia shimoni kinyumenyume ili awaone wakija, na mpaka leo ndivyo anavyoingia. Pimbi akapanda mbegu zake.

Lakini neno lile la Ngiri lilimchoma Nungunungu kuliko kipigo kilivyomchoma Ngiri, kwa sababu lilikuwa kweli.

Hadithi yangu imefika majivuni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nikakokee moto.

Na funzo lake? Funzo ni hili: watiini wakubwa. Msiguse kilango. Chocheeni mpaka mchemke, kisha fungueni dirisha mpashe mlima joto, maskini, nao unasikia baridi. Viazi vya mbegu pelekeni shimoni, Ngiri ana wajukuu.

Mnacheka? Wewe uliyekaa karibu na jiko unacheka sana. Hebu inama, utazame kilango chako.

Kiko wazi chote, sivyo?

Na dirisha?

Paukwa, mjinga wewe!