Koti la Mwokaji

Uchungu wa mkuki haujui arushaye, huujua achomwaye. Arushaye huona shabaha tu, na damu haimhusu. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayedhani kauli hiyo imechakaa, na asikilize yaliyompata fundi cherehani mmoja aliyeitwa Nusu Inchi.

Lakabu hiyo aliipata kwa sababu nguo zake hazikuwahi kukosea hata nusu inchi. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na alimpenda binti yake kitindamimba kama mboni ya jicho. Hata hivyo, alikuwa na ila moja kubwa. Watu wa rangi nyingine walipoingia dukani, hakuwagusa. Aliitundika futi yake ya kupimia kwenye ncha ya rula ndefu, akawasogezea na kusema, "Jipime mwenyewe, unitajie namba."

Kudra haina simile. Kitindamimba huyo akapendana na muuguzi kijana wa rangi hiyo hiyo asiyoigusa baba. Mara mbili kijana alikuja kuomba baraka, na mara mbili fundi akabadilisha mazungumzo. Binti naye alikuwa ameapa: bila baraka za baba haolewi, na mwingine hamtaki.

Wachumba hao walikuwa waigizaji katika kikundi kilichoandaa mchezo wa kukemea ubaguzi wa rangi. Binti akamwomba baba awashonee mavazi. Fundi akawapima wote kwa mkono wake, bega baada ya bega, kwa utani tele. Zamu ya muuguzi ilipofika, rula ikatangulia.

"Jipime mwenyewe, unitajie namba."

"Mzee, mimi hupima homa, sipimi vifua," kijana akatania.

Kisha akajipima kwa kubahatisha, akataja namba. Fundi akaiandika bila kucheka. "Na lile jibu lenu la baraka," akaongeza, "nitalitoa baada ya mchezo."

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika pomoni. Fundi na mkewe waliketi safu ya mbele. Pazia lilipofunguka, likaonekana duka la mikate. Muuguzi ndiye aliyekuwa mwokaji, amevaa koti jeupe. Binti alikuwa mteja. Binti akanyoosha mkono kupokea mkate. Mwokaji akaruka nyuma kama aliyeona nyoka, akachukua koleo refu, akamsogezea mkate kwa ncha.

"Shika hukohuko. Watu wa rangi yako siwagusi."

Binti akainamisha kichwa. Fundi akaiona shingo ileile aliyoikatia kola ya sare ya darasa la kwanza ikipinda kwa aibu. Akasahau kuwa ni maigizo. Akasimama wima.

"Mpe mkononi! Ana ukoma mwanangu?"

Ukumbi mzima ukageuka. Mkewe akamvuta shati.

"Keti, baba watoto. Koleo lile ni rula yako."

Fundi akaketi kama gunia lililoachiwa. Jukwaani, mwokaji akainua tena koleo. Kwapa la koti likapasuka, chwaa! Watu wakavunjika mbavu. Fundi peke yake hakucheka. Kwa miaka thelathini mshono wake haukuwahi kumwaibisha hadharani, na alijua fika kwamba uzi haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono uliokataa kupima.

Mchezo ulipokwisha, alipanda jukwaani bila kualikwa. Binti akaganda. Kijana akalibana kwapa lake.

"Nisamehe, Mzee. Nimekuharibia koti."

"Nyamaza. Inua mikono."

Fundi akaivua futi shingoni, akamzungushia kijana kifuani, akaibana kwa vidole vyake vyote. Akapima mabega. Akapima mikono, polepole, kama anayelipa deni la heshima.

"Baba, unafanya nini?" binti akauliza.

"Namshonea bwana harusi suti. Au unataka aoe kwapa wazi?"

Binti akamrukia baba yake shingoni, futi ikiwa bado mkononi mwake.

"Leo namba hutaki kutajiwa?" mkewe akamchokoza kutoka chini ya jukwaa.

"Niache, mama watoto. Nimeisoma mwenyewe," akajibu, macho yamemlowa. "Nilikosea zaidi ya nusu inchi."

Kwa miaka mingi fundi alikuwa ameurusha mkuki asijue makali yake, hadi siku ulipomgusa mwanawe: hakika, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.