Hirizi Chini ya Gauni la Hospitali

Wapendwa, alikuwepo mzee wa kanisa mmoja, mkali kwa waganga. Akisimama kuwakemea, hata waliosinzia wanaamka. Mzee huyu akaanza kutoka damu kila aendapo haja kubwa. Akaona aibu, akajisemea ni bawasiri, akanyamaza. Alipofika hospitali, ilikuwa saratani.

Akamwambia daktari amkate yaishe. Daktari akakataa.

"Baba, siingizi kisu nisipopajua. Tupige picha kwanza. Kama uvimbe haujatoboa ukuta wa utumbo, nakata. Kama umetoboa, tunaanza na mionzi. Nikikosea hapo, ugonjwa huu utakurudia, na utakuwa mbaya zaidi."

Picha hiyo hupigwa na mashine ya sumaku, sumaku yenye nguvu ya kutisha. Dada wa picha akamwomba avue kila chuma, akamuuliza kama kimebaki chochote, akarudia kumuuliza. Lakini mchungaji wake alikuwa amemsindikiza, kasimama pale pale mlangoni. Mngemtegemea mzee aseme nini?

"Mimi mtu wa Mungu, binti yangu. Chuma cha nini?"

Akaingia. Kiunoni, chini ya gauni la hospitali, alikuwa amefunga hirizi ya chuma. Kamba ikakatika. Hirizi ikaruka kama risasi, ikampasua yule dada juu ya jicho, ikaganda kwenye mashine. Mzee akaanguka magoti, akaanza kutubu kwa sauti: mganga gani, wa wapi, kwa nini.

Yule dada, damu ikimchuruzika shavuni, akamkatiza.

"Mzee, sikukuuliza dhambi zako. Nilikuuliza chuma. Nilitaka tuone ugonjwa umefika wapi, upone."

Mashine ikafungwa. Waliokuwa kwenye foleni wakarudishwa nyumbani, kila mmoja na uvimbe wake, hajui umefika wapi. Na mzee pia.

Mnaguna? Mnamgunia nani? Sisi tunakuja hapa kila Jumapili tukimwambia Mungu atuchunguze, huku tumefunga kiunoni kitu ambacho hatutaki jirani wa benchi akione. Tunadhani Mungu anatuuliza ili atuaibishe. Anauliza ili atutibu! Halafu tunajidanganya kwamba tukificha tunaumia peke yetu. Kamuulizeni yule dada. Kawaulizeni waliorudishwa nyumbani.

Haya, tusimame tuombe. Lakini kabla hujafumba macho, jipapase kiunoni.