Pimbi Awaita Watani Wake Msibani

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo Tembo alisonga ugali wake mwenyewe na Simba alifuga kuku bila kuwala (alivyodai yeye), palikuwa na jabali katikati ya nchi tatu. Mashariki ilikuwa nchi ya Tembo, yenye vichaka na misitu. Magharibi ilikuwa nchi ya Kiboko, yenye mito na matete. Kusini ilikuwa nchi ya Simba, mbuga tupu mpaka macho yachoke. Na juu ya jabali, kwenye nyufa, aliishi Pimbi na binti yake Siwema, jirani na ukoo wao.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, ukimwona kwa mbali utadhani panya aliyeshiba. Lakini huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Siafu wakipita, atauliza wanakwenda kwa nani. Mvua ikikatika, atauliza iliyobaki imewekwa wapi.

Sasa nchi zote tatu zilikuwa zinachoma. Tembo alichoma vichaka apate shamba. Kiboko alichoma matete apate njia. Simba alichoma mbuga nzima kila kiangazi, eti anapenda kuona mbali. Moshi wote ukapanda, ukatanda juu ya jabali, ukakaa. Joto likawa la chungu kilichofunikwa. Siwema akaanza kukohoa. Kho! Kho! Kho! Mchana kutwa.

Kobe, mganga wao, akamsikiliza mtoto kifua, akatikisa kichwa. "Dawa ninayo, Mama Siwema, lakini dawa haishindani na hewa. Mambo yakiendelea hivi, sijui kama huyu ataziona masika nyingi."

Pimbi hakulia mbele ya mtoto. Alitoka nje akaketi juu ya jiwe, akaangalia juu. Maisha yake yote alikuwa akiuliza kwa raha; siku hiyo aliuliza kwa hofu.

Korongo alikuwa anapita. Pimbi akamwita. "Shemeji, wewe unayeruka, hebu niambie. Moshi ukipanda huenda wapi?"

"Hauendi," Korongo akasema, akitua. "Upo. Hata ule wa mwaka babu yako alipooa, upo palepale."

"Kwa hiyo wakizima mioto leo?"

"Hautaongezeka. Lakini uliopo ndio umeshahamia."

"Na hakuna wa kuuteremsha?"

Korongo akafikiri, mguu mmoja juu. "Majani. Majani huula, ndiyo maana hunenepa. Ila yakikauka, wakubwa wenu huyachoma na moshi unarudi ulikotoka. Hata yakiachwa yaoze, unarudi vilevile, polepole."

Pimbi akashukuru, akaingia ndani kuendelea na shimo alilokuwa anachimba la kuhifadhia viazi. Chimba, chimba, ka! Jembe likagonga kitu cheusi. Makaa. Yalikuwa ya jiko la nyanya wa nyanya yake. Mpini wa mwiko uliozikwa kando yake ulikuwa umegeuka vumbi. Makaa yalikuwa kama ya jana.

"Kumbe," Pimbi akajisemea. "Majani yaule moshi. Majani yageuzwe makaa kwenye tanuri la udongo. Makaa yazikwe chini. Huo moshi utarudi kwa miguu gani?"

Tatizo lilikuwa moja. Kikapu chake kilitosha majani ya kujaza kofia. Moshi ulikuwa wa nchi tatu.

Basi akashuka kwenda kwa Tembo. "Hodi, baba."

"Karibu, Pimbi. Kaa usije ukakanyagwa." Tembo akamsikiliza mpaka mwisho. "Ni jambo jema. Lakini kwa nini nianze mimi? Anza na Kiboko. Matete yake yakiungua, hata jua linakohoa."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko akaibuka majini, buu! "Wazo zuri sana. Simba akianza, nitafuata."

Akaenda kwa Simba. Simba akapiga mwayo. "Hili ni la mataifa, mama. Linataka mkutano."

Na mikutano ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Walikuwa wanakutana kila mwaka. Walikula, walipiga makofi, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole, kisha wote kwa pamoja walikubaliana kukutana tena.

Pimbi akapanda jabali lake miguu ikiwa mizito. Kho! Kho! Siwema alikuwa amelala. Pimbi akamfunika vizuri, akasema, "Hawaji kwa heri hawa. Watakuja kwa msiba."

Hapa tegeni masikio. Pimbi alikuwa mtani wa Tembo, mtani wa Kiboko na mtani wa Simba, kwa sababu ya vita vya mababu vilivyokwisha zamani kwa vicheko. Na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, nawe ucheke. Lakini ukifiwa, mtani haji kulia. Anakuja kufanya kazi. Yeye ndiye mchimba kaburi. Asiyekwenda kumzikia mtani wake, siku yake ikifika, maiti yake italala juani na hakuna wa kushika jembe.

Asubuhi ngoma ya msiba ikalia jabalini. Ti-ti, puu! Ti-ti, puu!

Tembo akaacha ugali ukiungua. Kiboko akatoka majini hata hajakauka. Simba akanung'unika, lakini akaja, na Fisi nyuma yake, maana Fisi hakosi msiba wa mtu.

"Nani amefariki?" Tembo akauliza.

"Babu," akasema Pimbi, kichwa amejifunga kitambaa.

"Babu yako si alikufa mimi nikiwa mtoto?"

"Huyu ni wa upande wa mama."

Tembo akakubali. Upande wa mama wa mtu nani anaujua wote?

"Kwetu," Pimbi akaendelea, akifuta machozi, "mtani haji mikono mitupu. Kila mmoja alete majani makavu ya kwao, ya kumtandikia marehemu. Na marehemu, watani wangu, alikuwa mtu mkubwa."

Wakaleta. Nani angetaka kuonekana ameleta kidogo? Kiboko alipoona mzigo wa Tembo, akarudi kuongeza matete. Simba alipoona matete, akatuma watu wakafyeke mbuga aliyokuwa aichome wiki ileile. Pimbi na ukoo wake wakayapokea nyuma ya jabali, wakayajaza kwenye matanuri ya udongo, wakayaziba vizuri. Yalipogeuka makaa wakayafunga kwenye mikeka, wakaiunganisha ikawa mkeka mmoja mkubwa kama wa maiti.

Upande wa pili wachimbaji walikuwa wanafanya kazi na kutaniana.

"Kiboko, chimba! Mdomo wote huo, hata kijiko cha udongo hujatoa."

"Kelele, wewe Tembo. Pua imefika kaburini, mwenyewe bado uko kwenu."

Simba aliacha kuchimba. Alisimama shimoni, mchanga mpaka kifuani, akatazama juu. "Pimbi. Shimo hili lingemmeza Tembo na wakwe zake. Babu yako alikuwa na ukubwa gani?"

"Alikuwa ananenepa kila mwaka, mtani. Tulimwambia, hakusikia."

Wakashusha mkeka. Gu-gu-gu! Tembo akashangaa kuona marehemu mkubwa ni mwepesi hivyo. Wakaanza kufukia. Ndipo Fisi, ambaye pua yake haijawahi kupumzika, akanusa, akanusa tena, akasema, "Msiba huu hauna harufu ya msiba."

Akashuka, akaurarua mkeka kwa jino. Chwaa! Makaa yakamwagika miguuni pa Simba.

Simba akageuka taratibu, na sauti yake ikatoka chini kabisa. "Mimi, mfalme, nimechimba siku zote hizi kuzika makaa?"

Pimbi alirudi nyuma hatua moja, nami sitawaficha. Lakini nyuma yake, ndani ya ufa, alimsikia Siwema. Kho! Kho! Akasogea mbele mpaka kwenye ukingo wa shimo.

"Umezika moshi wako, mtani. Na wa Tembo, na wa Kiboko. Majani haya yangeungua, yangekuwa juu ya kichwa cha mwanangu sasa hivi. Niliwaomba kwa adabu, kila mmoja akaniambia anza kwa mwenzangu. Hapa hakuna aliyeuliza nani aanze. Mmegombania kuleta."

"Umetudanganya!"

"Nimewatania. Unakasirika?"

Simba akafungua kinywa. Wanyama wote wakamtazama. Mtani akikasirikia utani, amejitoa kwenye utani. Na ukijitoa, nani atashika jembe siku yako?

Tembo ndiye aliyeanza, tumbo likicheza. Kwi, kwi, kwi! Kiboko akafuata mpaka akakaa chini. Simba akajaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka huku anajifuta makaa kwenye manyoya. "Wa upande wa mama," akasema. "Kumbe upande wa mama ulikuwa juu ya vichwa vyetu."

"Basi tumalize kufukia tukapumzike," akasema Kiboko. "Yamekwisha."

"Yamekwisha wapi?" Pimbi akauliza. "Kaburi lililochimbwa na watani hupaliliwa na watani. Kila kiangazi mtakuja na majani, kila nchi na mzigo wake. Au niwaambie wajukuu wenu kwamba mlitelekeza kaburi?"

Hapakuwa na wa kukataa. Wakachagua na wasimamizi. Korongo aruke juu ya nchi zote, aseme nani bado anachoma. Na Fisi apewe kazi ya kunusa kila mzigo, aone kama ni majani kweli au ni mawe yaliyofunikwa kwa majani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuidanganya pua ile. Fisi alijivuna sana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kazi ya maana.

Hewa haikusafika siku ile, wala mwaka ule. Simba alileta mzigo pungufu mara moja, Fisi akamtangaza mbele ya nchi tatu, hakurudia tena. Kikohozi cha Siwema kilipungua kidogo, halafu kidogo tena, mpaka Kobe akaacha kupanda jabali.

Asubuhi moja, Siwema akiwa ameshakuwa msichana, alitoka nje akasimama ghafla. Mbali, ng'ambo ya mbuga, kulikuwa na kitu kirefu chenye kilele cheupe. Hakuwahi kukiona.

"Mama, kile kimekuja lini?"

Pimbi akatazama, akamshika mtoto bega. "Hakikuja, mwanangu. Ni mlima. Ulikuwepo siku zote."

"Na nyuma yake kuna nini?"

Pimbi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ule ugonjwa wa kuuliza, mtoto alikuwa ameurithi mzima.

Kisa changu nimekizika hapo, mwenye jembe asikifukue. Ila mafunzo yake chukueni: moshi hauna mipaka, na watu wakisubiriana nani aanze, watakohoa wote.