Wayta Mlinzi wa Daraja la Nyasi

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa mlimani!

Pakawa mawe!

Mawe yalifanya nini?

Yalishikana bila udongo!

Haya, kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale kwao.

Hapo kale, ng'ambo ya bahari na ng'ambo ya bahari nyingine tena, palikuwa na mji wa Wainka ulioitwa Pukamarka. Ulikaa juu sana, mawingu yakipita yalipita chini yake. Watu wake walichonga mawe wakayapanga hata wembe haupenyi katikati. Walikata ngazi za mashamba ubavuni mwa mlima, wakapanda mahindi na viazi. Gurudumu hawakuwa nalo, farasi hawakuwa naye, na barabara zao zilifika kila mahali. Wewe uliyeshindwa kuziba shimo mlangoni kwako, unasikia?

Mbele ya mji palikuwa na korongo, na juu ya korongo, daraja la nyasi. Ndiyo, nyasi! Wanawake walisokota kamba nyembamba, wanaume wakazisuka kuwa nene, na zile nene wakazisuka tena zikawa kama paja la mtu mzima. Kila mwaka walifunga daraja jipya, la zamani wakalikata likaenda na mto. Lakini kulikata la zamani kabla jipya halijawa tayari lilikuwa kosa kubwa, maana daraja ni la mfalme na la wote.

Mlinzi wa daraja alikuwa mwanamke, jina lake Wayta. Mumewe, Anku, alikuwa tarishi wa mfalme, kazi yake kukimbia na ujumbe barabarani, na siku hizo alikuwa safarini. Jamani, Wayta alimpenda mume huyo! Alimtambua kwa kishindo cha miguu yake kabla hajamwona.

Siku moja akatokea mwanamke ng'ambo ya pili, uso kajifunika.

"Hodi, wenye mji! Nimewaletea dhahabu, nipokeeni!"

Wayta akajibu, "Dhahabu ni ya Jua, sisi hatuli. Rudi nayo."

Akaenda. Akarudi tena.

"Hodi, wenye mji! Nimewaletea mahindi, nipokeeni!"

"Ghala zetu zimejaa mpaka juu. Rudi nayo."

Yule mwanamke akacheka, akajifunua. Uso mzima malengelenge! "Unamjua unayemfukuza? Mimi ni Ndui. Wageni wenye ndevu wamenileta kwa merikebu, wao bado wako pwani, mimi nimeshatangulia. Dada yangu Tauni alizunguka dunia mgongoni mwa panya. Na tuna mdogo wetu hajazaliwa bado, huyo atasafiri angani, amekaa kitini."

Huyo mdogo wao mnamjua?

Tunamjua!

Basi nyamazeni, niendelee.

Ndui haingii mjini asipopokewa, kwa hiyo akashuka zake bondeni. Akaja kondori, yule ndege mkubwa wa milimani, akatua juu ya nguzo ya daraja.

"Wayta, usishangilie. Nimepita juu ya miji ya bondeni. Kila alipolala Ndui, asubuhi moshi hautoki jikoni."

"Sasa anafanya nini?"

"Anafuma."

Wayta akauelewa mtego. Kwa Wainka dhahabu ilikuwa pambo tu. Heshima ilikuwa kitambaa. Mfalme akikupenda alikupa kitambaa, na kumkatalia mtu kitambaa ni kumkataa mtu mwenyewe.

Haukupita muda akasikia kishindo anachokijua. Anku huyo! Anakimbia, anacheka, na begani ana blanketi jekundu laini, hakujapata kuonekana jingine mfano wake.

"Mke wangu! Nimekutana na mama mmoja njiani, kanipa zawadi yako!"

Watu wakatoka mbio, mkuu wa mji mbele, wanapiga vigelegele.

"Anku, usivuke!" Wayta akapiga kelele. "Choma hilo blanketi, ubaki huko huko!"

"Wayta, unanikataa mbele za watu?"

"Sikukatai. Usivuke!"

Anku akakunja uso, akanyanyua mguu. Wayta akachomoa kisu cha shaba, akakata kamba ya kwanza. Mkuu wa mji akafoka, "We mwanamke, una wazimu? Daraja la mfalme hilo!" Akakata ya pili. Anku akarudisha mguu. Wayta, huku analia, akakata iliyobaki. Daraja likaanguka mtoni.

Usiku huo hakuna aliyemsemesha. Kulipokucha, Anku alikuwa amelala mlangoni mwa kibanda cha matarishi kule ng'ambo, homa imemshika. Na kule bondeni, moshi wa jirani zao wote ulikuwa umetoweka. Hapo ndipo watu walipoelewa.

Wayta akachukua kombeo, akarusha viazi vikavu ng'ambo. Kesho akarusha. Keshokutwa akarusha. Mkuu wa mji akaja taratibu na kapu la viazi vyake mwenyewe. "Rusha na hivi, mama," akasema, bila kumtazama usoni.

Kisha Anku akaacha kutoka nje kuviokota.

Mwezi ukafa, mwingine ukaandama. Nyasi zikakomaa, wanawake wakasokota, wanaume wakasuka. Lakini daraja huanza kwa kamba moja nyembamba inayorushwa ng'ambo, na lazima awepo mtu wa kuivuta. Ng'ambo hapakuwa na mtu.

Wayta akafunga kamba kwenye jiwe, akairusha kwa kombeo. Kamba ikalala. Akarusha mara ya pili. Kamba ikalala. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanaona aibu kumtazama. Akarusha mara ya tatu, akaishika kwa mikono miwili, akangoja.

Kamba ikavutwa.

Kutoka kibandani ulitokea uso uliojaa makovu, na sauti dhaifu ikavuka korongo: "Mke wangu, nimeshika! Blanketi nimelichoma. Nileteeni kamba nene!"

Pukamarka nzima ilishika kamba siku hiyo, wanalia na wanasuka, na mkuu wa mji alilia kuliko wote.

Basi jueni kwamba aliyemfungia mumewe njia na kumrushia chakula kila siku alimpenda kuliko wote waliotaka kumkumbatia.

Ngano yangu nimeishusha begani, anayeitaka aibebe. Na wewe uliyekohoa tangu nilipoanza, sogea huko kidogo.